Uso Mweupe kwenye Fulana Nyeusi

Jina alilopewa na wazazi wake halikuwa na kazi mtaani. Watu walimwita Barakoa, kwa sababu alipokuwa kazini hukumwona pua wala mdomo. Ulimwona macho mawili, na chini yake mpira wa kijivu wenye vichujio viwili vya duara. Wateja wageni walishtuka mlangoni. Wale wa siku nyingi walimtania, "Leo umekula nini, Barakoa? Au humo ndani hata kitunguu hakinuki?" Naye alijibu kwa sauti iliyoziba, hakuna aliyeelewa neno, wakacheka wote.

Barakoa hiyo hakuivaa kwa madaha. Kazi yake ilikuwa kuchora kwenye fulana kwa kupuliza rangi. Alishika kifaa cha chuma chembamba kama kalamu, kilichounganishwa kwa mpira na mashine ya upepo iliyonguruma chini ya meza, na kila alipobonyeza kwa kidole cha shahada ulitoka ukungu. Ukungu huo hauendi wote kwenye kitambaa. Mwingine hubaki hewani, na aliyemo chumbani huuvuta. Mwalimu wake wa kazi alikuwa akisema rangi ya maji haina neno, ni kama maziwa. Kwa miaka kumi na minane alipuliza akiwa amejifunga kitambaa puani, na siku za joto hata hicho alikivua. Mwishowe hakuweza kupanda ngazi sita bila kuketi katikati. Barakoa ndiye aliyemshika mkono kwenye ngazi hizo, na walipotoka kumzika alipitia dukani akanunua barakoa yenye vichujio kabla hata hajabadilisha nguo. Akatoboa ukuta, akaweka feni ya kutoa hewa nje. Tangu hapo hakuna aliyemwona akipuliza mdomo wazi.

Alikuwa mtu wa kanuni, na kwa kazi aliyoichagua ilimpasa awe hivyo. Kuchora maua mekundu kwenye fulana nyeupe kila mtu anaweza. Yeye alijulikana kwa nyeupe juu ya nyeusi. Nyeupe ni rangi nzito. Huziba tundu la kalamu ukipepesa macho tu. Aliichuja kwa soksi ya nailoni kila asubuhi, akaongeza maji tone kwa tone. Hakuimwaga nene, maana ikiwekwa nene kwa mara moja hupasuka kama tope la barabarani likikauka. Alipuliza tabaka jembamba ambalo hata hulioni vizuri, akalaza karatasi juu, akapiga pasi ili vinyweleo vya kitambaa vilale. Kisha la pili. Kisha la tatu. Uso ulijitokeza polepole kutoka kwenye weusi, na watu waliokuwa wakisubiri kwenye benchi walinyamaza bila kuambiwa.

Kanuni kubwa kuliko zote ilihusu kitambaa. Pamba nyeusi haina shida. Poliesta nyeusi ni habari nyingine. Rangi yake ya kiwandani imelala tu ndani ya nyuzi. Ikipata moto mkali inaamka na kupanda kwenye nyeupe. Na haipandi papo hapo. Fulana inatoka mezani nyeupe pe, mteja anaondoka anachekelea, halafu baada ya siku mbili tatu nyeupe imekuwa zambarau, au kijivu, au rangi ya chai. Kwa hiyo Barakoa alisoma lebo ya kila fulana. Lebo ikikosekana, alilaza kitambaa cheupe juu ya upindo wa ndani, akapiga pasi ya moto, akasubiri nusu saa. Kitambaa kikitoka na doa, alijua ni poliesta, na alitumia moto mdogo kwa muda mrefu juu ya tabaka la kuzuia rangi isipande. Wateja walilalamika kwamba anachelewesha. Hakuwajali.

Katika chumba hicho walikuwa wawili. Nusu ya pili ilikuwa ya kaka wa mkewe, aliyebandika namba kwenye jezi. Wenyewe waliitana shemeji kutwa nzima, na huyo shemeji alikuwa na mdomo usiolala.

Mwanamke aliyekuja siku ile alikuwa mpishi wa shule. Mikono yake ilikuwa na alama za kuungua mpaka kwenye viwiko. Alibeba foronya safi iliyokunjwa, akaiweka mezani kama mtu anayelaza mtoto.

"Karibu, mama," Barakoa alisema, akiivua barakoa.

"Asante, fundi." Alitoa kwenye foronya fulana moja nyeusi. "Ni ya mwanangu. Kitinda mimba wangu. Mwezi uliopita nimemzika."

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa." Hakuwa amepoa. Alitoa picha ndogo iliyobanduliwa kwenye kitambulisho cha shule, kijana wa miaka kumi na tisa, masikio makubwa, anazuia kicheko. "Nataka umweke hapa." Akagusa kifua cha fulana. "Awe mkubwa. Awe ananitazama."

"Nitamweka. Nitaifua kwanza, kesho kutwa..."

"Usiifue."

"Mama, kitambaa kisichofuliwa kina jasho, rangi haishiki vizuri."

"Jasho hilo ndilo ninalolitaka, fundi. Hii ndiyo aliyoivaa mwisho kabla hajalazwa. Nguo nyingine dada zake walizifua bila kuniuliza. Imebaki hii peke yake."

Shemeji aliacha kubandika namba.

Barakoa alimweleza kwa upole kwamba pasi itakula harufu ya mbele, ila kwapa na kola zitabaki. Mama alifikiri, akakubali. Halafu Barakoa akaigeuza kola.

"Lebo iko wapi?"

"Alikuwa anazikata zote. Zilimwasha shingoni." Akatabasamu kidogo. "Nikimkuta na mkasi, najua kuna nguo mpya."

Mama aliihitaji fulana kesho yake, hakutaka ilale mbali naye zaidi ya usiku mmoja, tena saa nne asubuhi, kwa kuwa saa hiyo tu, kati ya chai na chakula cha mchana, ndiyo angeweza kutoka jikoni. Barakoa alisema sawa.

Hapa ndipo ilipotakiwa kanuni. Kwenye nguzo ya nje palibandikwa tangazo kwamba umeme ungekatwa saa nane mchana mpaka kesho. Mvua ilikuwa inanyesha, na hewa yenye maji huchelewesha rangi kukauka. Kipimo cha upindo kingekula dakika arobaini. Barakoa alishika upindo kati ya vidole viwili, akausugua. Ulikuwa laini, wenye kajoto, kama pamba iliyovaliwa sana. Vidole vyake vya miaka mingi vikamwambia pamba, naye akaviamini. Nadhani kulikuwa na sababu nyingine pia. Fulana ile ilikuwa kama mwili. Hakutaka kuichoma hata mahali pasipoonekana. Lakini huruma inayomfanya fundi aruke kipimo haimsaidii mwenye nguo, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale mtaani.

Akaanza saa tano. Alianza na paji la uso, akashuka kwenye mashavu, akaacha weusi wa kitambaa wenyewe uwe nywele na vivuli. Yale masikio aliyachora kwa uangalifu mkubwa. Kazi ilikuwa nzuri. Watu watatu waliingia kwa shida zao wakasahau walichofuata. Ila nyeupe haikukauka. Kila tabaka lilikaa na unyevu, na saa ikawa saba na nusu kabla hajamaliza la mwisho.

"Shemeji, zimebaki dakika ishirini," yule mbandika namba alisema. "Unapiga pasi au unambusu?"

Barakoa akazungusha kitufe cha pasi mpaka mwisho.

Rangi ilishika. Akaivuta, haikupasuka. Akaisugua kwa kidole, haikutoka. Umeme ulipokatika fulana ilikuwa imetundikwa, na uso uling'aa katika chumba kilichoingia giza la mvua kiasi kwamba shemeji aligeuka upande mwingine. "Huyu dogo ananitazama vibaya," alisema, akacheka peke yake.

Asubuhi iliyofuata Barakoa alifika saa mbili. Alisogeza fulana mlangoni kwenye mwanga. Chini ya kidevu palikuwa na kivuli ambacho hakukichora. Kilikuwa kidogo, rangi ya maji yaliyosuuziwa zabibu. Akakitazama muda mrefu, halafu akafanya alichopaswa kufanya jana: alilaza kitambaa cheupe juu ya upindo, akapiga pasi ya mkaa aliyoiazima kwa jirani. Kitambaa kikatoka na doa la zambarau.

Akaketi.

"Kuna nini?" shemeji akauliza.

"Poliesta."

Shemeji alikuja akainama juu ya fulana. "Mbona siioni shida? Hicho kidoa? Kipulizie kidogo."

"Kitarudi. Kitapanda uso wote. Siku tatu, nne."

"Siku nne atakuwa kwake."

"Shemeji..."

"Nisikilize. Ukimwambia, utampa nini? Fulana nyingine? Mama huyu hataki fulana, anataka hii, na hii imeshaharibika. Huna cha kumpa. Sasa unataka kumpa nini, huzuni ya pili? Mwache afurahi siku nne. Ikibadilika atasema ni sabuni, ni jua, ni Mungu. Kila kitu kinabadilika. Mimi mwenyewe nilikuwa na nywele."

"Hili si la kucheka."

"Sicheki. Nakuuliza utampa nini."

Swali hilo lilikuwa na jibu. Angempa ukweli, na kwa ukweli huo mama angeamua mwenyewe kama anataka kuona uso ukizama, au aukunje na kuuweka pembeni, au amlaani fundi usoni. Yote hayo yalikuwa haki yake. Wanaotuonea huruma kwa kutuficha mara nyingi wanajionea huruma wenyewe. Lakini Barakoa aliinuka. Alivaa barakoa yake, akachukua pampu ya mkono kwa kuwa umeme ulikuwa haujarudi, akapuliza tabaka jembamba jeupe chini ya kidevu. Kivuli kikatoweka. Makosa ya jana mtu angeweza kuyaita haraka. Hili la leo alilifanya kwa mkono uliotulia.

Saa nne kamili mama aliingia, aproni ingali kiunoni. Barakoa aliinua fulana kwa mabega.

Mama hakulia. Alisogea, akainamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikiliza. "Masikio," alisema. "Umeyaona masikio. Watu wote walikuwa wakimcheka masikio." Akaichukua, akanusa kwapa la fulana, akafumba macho. "Bado yumo."

Barakoa alikataa malipo. Alisema ni pole yake kwa mfiwa. Mama akamshika mikono yote miwili, ile iliyopuliza muda mfupi uliopita, akaiombea kwa sauti, iwe na afya, isipungukiwe kazi, iwafikishe watoto wake mbali. Ombi lilikuwa refu. Shemeji alijifanya anatafuta kitu chini ya meza.

Alipoondoka, shemeji alisema, "Umeona? Amefurahi."

Jioni ile nyumbani mke wa Barakoa alimuuliza mara mbili kama anaumwa, akasema ni vumbi. Alirudi kazini kesho yake na keshokutwa, akafuata kanuni zote kwa ukali wa kuudhi. Mteja mmoja aliambiwa asubiri nusu saa kwa fulana ambayo lebo yake ilisomeka wazi pamba tupu. Kwenda shuleni kumtafuta mama hakwenda. Alijua mlango wa jiko ulipo, ni mwendo wa robo saa.

Siku ya sita mama alirudi mwenyewe. Mvua ilikuwa imemlowesha, lakini foronya aliifunika kwa mfuko wa plastiki. Alisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kukiri wizi.

"Fundi, nimekuja kuomba radhi."

Barakoa alikuwa anasafisha sindano ya kalamu yake. Akaiweka chini.

"Nimeharibu kazi yako. Ulinifanyia bure, na mimi nimeiharibu." Akaitoa fulana, akaitandaza mezani. Uso ulikuwa na rangi ya jeraha linaloanza kupona. Paji la uso lilikuwa zambarau, mashavu kijivu, na mdomo ulikuwa umekwisha zama. Masikio yalionekana bado, yakiwa peke yake pande mbili za kitu kisichojulikana. "Siku ya pili tu niliivaa chini ya aproni jikoni. Nilitaka awe na mimi. Wenzangu waliniambia vua, moto wa masufuria utaiunguza. Sikusikia. Siku ya tatu nikaona anaanza kunisinyalia. Usiku silali, fundi. Mume wangu ananiambia acha, ni nguo. Mimi najua nimemfuta mtoto kwa ubishi wangu."

"Ah, moto wa jikoni huo, mama!" shemeji alidakia haraka, kwa sauti ya kumsaidia kila mtu. "Ule si moto wa mchezo. Hata ningekuwa mimi..."

"Nyamaza, shemeji," Barakoa alisema.

Mlango wa kuponyokea ulikuwa umefunguliwa mbele yake, na mfiwa mwenyewe ndiye aliyeufungua. Angeitikia kwa kichwa tu, ingetosha. Namhesabia wema kwamba hakuitikia.

"Si moto wako, mama. Ni mimi. Kitambaa hiki hakitaki pasi kali, na nilipaswa kukipima, sikukipima. Umeme ulikuwa unakatika."

Mama alimtazama, anasubiri, kama vile maneno bado yalikuwa njiani. "Lakini ilikuwa nyeupe. Mimi niliiona."

"Huwa inachelewa kujitokeza."

"Kwa hiyo hukujua."

Huo ulikuwa mlango wa pili. Shemeji alikuwa amekaza macho yake sakafuni.

"Nilijua," Barakoa alisema. "Asubuhi ile, kabla hujafika. Nilipulizia juu usione."

Mvua ilikuwa inagonga bati. Mama akavuta kiti cha wateja, akaketi, ingawa hakukaribishwa.

"Nilikushika mikono," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nikakuombea. Na watoto wako."

"Ndiyo."

"Ukaniacha niombe mpaka mwisho."

Barakoa akafanya kile ambacho mafundi hufanya wakikosa maneno, akaanza kueleza kazi. Alisema ipo dawa ya kuzuia, rangi ya kijivu inayowekwa chini, kwamba angeweza kuifunika sehemu yote, kwa moto mdogo, siku mbili, akamchora upya, masikio yale yale, na safari hii asingebadilika kamwe. Alizungumza kwa kasi. Mkono wake ulikwisha nyooka kuelekea fulana.

"Usiiguse," mama alisema. Hakupaza sauti. "Fulana ningekusamehe, fundi. Nguo inaungua, nguo inachanika, hata mimi nimeunguza vyakula vya watoto wa watu. Lakini siku nne nimekaa na kosa lako nikidhani ni langu. Nimekwenda kaburini kumwomba marehemu msamaha. Umeniacha nimwombe mwanangu msamaha kwa kitu ambacho sikufanya."

Akaikunja fulana, uso ndani, akairudisha kwenye foronya. Mlangoni shemeji alimwambia, "Mama, subiri basi mvua ipungue," naye akatoka hivyo hivyo mvuani.

Shemeji alirudi kwenye namba zake. "Ungenyamaza, ungekuwa umemaliza," alisema.

"Yeye angekuwa hajamaliza."

"Na sasa amemaliza?"

Hata sasa hakuwa amemaliza, na Barakoa alilijua.

Wako waliosikia habari hii wakamsifu kwamba alisema ukweli pale ambapo angeweza kuponyoka. Nami namsifu kwa kiasi hicho, na si zaidi. Ukweli ule ulikuwa wa saa nne ile mama alipokuja kuchukua fulana. Alipouleta siku ya sita, mama alikuwa amekwisha ubeba uongo wake kitandani, jikoni na kaburini, na hakuna maneno yanayoweza kuzirudisha siku hizo.

Barakoa alikwenda shuleni mara mbili. Mara ya kwanza mama alikuwa anapakua chakula kwa mstari mrefu wa wanafunzi, akamwona, akaendelea kupakua mpaka mstari ukaisha, akaingia ndani. Mara ya pili alitoka mpishi mwenzake, mwanamke mnene mwenye mwiko mkononi, akamwambia, "Amesema umwache. Hana kinyongo, ila umwache." Barakoa aliuliza kama kweli amesema hana kinyongo. "Hapana," yule mpishi alikiri. "Hilo nimeongeza mimi, nakuonea huruma. Nenda zako, kaka."

Akaenda zake. Kazi aliendelea nayo, kwa kuwa kazi nyingine hakuijua na watoto wanakula. Sura za marehemu bado zinaletwa, maana mkono wake haujapotea, na kila moja anaipima upindo hata mwenye nguo akimwonyesha lebo. Shemeji ameacha kumtania kuhusu hilo.

Miezi kadhaa baadaye dereva anayepeleka maji shuleni alikuja kuandikiwa jina la gari lake mgongoni mwa fulana. Akiwa anasubiri kwenye benchi, alipiga soga kama wanavyopiga wote. Akasema kuna mpishi pale shuleni, mama mtu mzima, msafi kupita kiasi, masufuria yake unaweza kujitazama. "Lakini ana fulana moja nyeusi anavaa kila Ijumaa, ina doa kubwa hapa kifuani. Nikamwambia utingo wangu, mama huyu na usafi wote ule, mbona doa hilo haliondoi?"

"Si doa," Barakoa alisema kutoka nyuma ya vichujio.

"Unasemaje?"

Sauti ilikuwa imeziba. Dereva alicheka, akageukia mtu mwingine, na Barakoa hakurudia alichosema.